Oduor Hajibu Ujumbe

Soko la Nakivubo lilifurika watu siku hiyo. Abalo, binti wa polisi, alisimama kwa mguu mmoja akijaribu kiatu chekundu, na gauni lake la kitenge lilimkaa vizuri. Muuza viatu, Mkenya mrefu aitwaye Oduor, alimshika kiwiko asianguke, huku akibishana na mteja Mzungu kwa Kiingereza kinachotiririka.

"Hii kiatu inabana, ssebo," Abalo alisema, akimwita bwana kwa Kiganda.

"Haibani, bibi nyabo. Inakukumbatia tu."

Abalo alicheka mpaka Jumamosi, alipomkuta Oduor katika darasa la Kiingereza la vijana kule Kamwokya, kwenye benchi la wanaoanza!

Alishangaa. Mwenye Kiingereza kile anatafuta nini hapa? Yeye Abalo aliandika vizuri, ila akiambiwa aseme, ulimi uligoma. Mwalimu Nakhisa aliwaketisha wanafunzi wawili wawili, mwepesi na mzito, wasaidiane. Abalo na Oduor aliwaketisha pamoja, bila kusema nani mzito.

Oduor alimzungumzisha taratibu mpaka woga ukamtoka, na mapenzi yakaingia. Ikija zamu ya kuandika, alimsukumia karatasi. "Andika wewe, mpenzi."

"Anakufanya karani," alisema Concy, rafiki wa Abalo. "Ujumbe wa simu anajibu?"

Hakuwahi kujibu hata mmoja. Abalo akaandika: kama unanipenda, nijibu leo. Mara simu ikalia; ni Oduor.

"Mpenzi, umeshindaje?"

"Umesoma?"

"Nitakueleza."

"Eleza sasa! Unanicheka?" Akakata.

Wiki mbili Abalo hakupokea simu za Oduor wala kwenda darasani. Jumamosi ya tatu aliwahi mapema kuomba benchi lingine. Akasukuma mlango uliorudishwa. Oduor alikuwa ameinama, kidole chini ya herufi. Kumbe Mwalimu Nakhisa, aliyeketi kando yake, alikuwa akimfundisha kusoma saa moja kabla ya wengine, asiaibike.

"Niliacha shule darasa la pili," Oduor alisema bila kuinua macho. "Kiingereza nimekiokota sokoni. Kwenu ni wasomi. Ningekuambiaje?"

Abalo hakujua acheke au alie. Mwalimu Nakhisa akakumbuka ghafla kwamba amesahau chaki, akatoka.

Abalo aliketi, akafungua simu, akamsomea ujumbe wote, hata ule wa awali wa kumwita mjinga kwa kutojibu.

"Wa mwisho, rudia."

"Kama unanipenda, nijibu leo."

"Basi nipeleke kwa baba yako. Nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba sijui kusoma, na kwamba nataka kukuoa."

Abalo alimtazama, kichwa bado kimevurugika.

"Baba mkali."

"Najua."

"Basi kuja Jumapili. Akishakula."