Mbambu Anataka Kutembea

Mwaka ule majeshi mawili ya wageni yalipopigana katikati ya Kisangani, kipande cha bomu kilimpata Mbambu gotini. Mvua zilipoanza alikuwa amerudi soko kuu, akichechemea kati ya mafungu ya samaki wakavu, kitenge chake cha njano amekifunga juu kidogo. Kengele ya baiskeli ikalia nyuma yake.

"Mama, panda toleka. Muzuri kama weye atembee na miguu?"

"Niko natembea juu ya kupenda tu. Uko na shida?"

"Shida iko yangu. Nimekupenda, na weye haupande."

Akacheka, akapanda. Hilo ndilo lililomponza. Assumani wa toleka, zile baiskeli za abiria, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi kama la siku ya Idi, akawa mpenzi wake, na tangu hapo hakumwacha akanyage njia. Kila asubuhi yuko mlangoni kwao mtaa wa Kabondo, mto wa kukalia ameukung'uta vumbi.

Muuguzi alikuwa amesema wazi: goti lisipofanyishwa kazi kila siku, litaganda hivyo hivyo maisha. Tayari kanisani Mbambu alishindwa kupiga magoti. Akijaribu kutoka peke yake kuna matope, kuna askari wa vizuizi vya barabarani wanaodai pesa ya sabuni, kuna majirani wanaompa pole asiyoiomba. Akiyashinda yote, kengele hiyo hapo.

"Chérie, panda."

Siku hiyo uvumilivu ukamwishia. "Assumani, uko nasikia haya juu yangu. Unataka batu basione bibi yako iko kilema."

"Haya? Bomu ilikukuta ukitembea, Mbambu. Nikikuona na miguu, moyo yangu inasimama."

Hakulitegemea hilo. Hasira ikampungua, lakini goti lilikuwa gumu vilevile, na hilo likamchoma zaidi.

"Na nikikaa, mguu inakufa. Donc tufanye nini?"

Assumani akaukung'uta mto tena. Mbambu akamnyang'anya usukani. Utotoni kule Butembo, kabla hawajahamia Kisangani, alikuwa akiendesha baiskeli za kaka zake.

"Kaa nyuma."

"Mimi?"

"Weye."

Akakaa. Mbambu akakanyaga, goti likamuuma mpaka machozi yakamtoka, wakayumba, wakaenda. Pale kituoni waendeshaji wenzake Assumani walishika mbavu kwa kicheko.

"Mama toleka, unapeleka client wapi?"

"Kwa duka, kwa magazini ya papa yangu," akajibu akihema. "Huyu client iko na neno ya kumuomba papa."

"Neno gani, chérie?" Assumani akauliza nyuma yake.

"Unaijua. Ama nikushushe?"

"Usinishushe," akasema, akamshika kiuno mbele ya watu wote. "Nitamuomba anioze weye."