Kompyuta ya Mama Delia na Umande wa Januari

Kila neno nitakaloandika hapa ni la kweli. Naapa kwa jino langu la nyuma, ambalo ndilo pekee ninalolitegemea kwa nyama, kwamba sikuongeza wala kupunguza. Watu wa mji wetu wa Thunder Bay wananijua. Mimi Reino Kallio, niliyefanya kazi kwenye maghala ya ngano pale bandarini hadi nikastaafu, sijawahi kutia chumvi hata kwenye supu.

Basi ilikuwa Januari, na baridi ya mwaka huo haikuwa na adabu. Asubuhi moja nilipotoka kwenda kuchomoa ule waya wa umeme unaopasha injini ya gari usiku, kivuli changu kilikataa kunifuata. Kilisimama mlangoni kikasema, "Tangulia tu, mzee, nitakukuta ukirudi."

Delia Fiorito nilipomsimulia hayo alinitazama juu ya kikombe chake cha kakao. Delia ana miaka kumi na miwili, anaishi na mama yake ghorofa ya juu ya nyumba yetu. Kila siku akitoka shuleni hupitia jikoni kwangu, huvua buti, hufuta miwani iliyojaa ukungu, kisha huanza maswali.

"Kilisema kwa sauti gani?"

"Sauti kama yangu, ila nyembamba."

"Kivuli hakina koo, Babu Reino."

"Ndiyo maana ilikuwa nyembamba."

Akacheka, lakini niliona mawazo yake yako kwingine. Mama yake, Rosanna, alikuwa akifanya kazi ya kusikiliza sauti za madaktari zilizorekodiwa na kuziandika. Kliniki yenyewe ilikuwa mbali, na barabara ilikuwa imeshika barafu tangu Desemba. Mara mbili gari lake lilikuwa limeserereka hadi mtaroni. Sasa wakubwa wake walikuwa wamekubali afanyie kazi nyumbani, kwa sharti moja: Jumatatu asubuhi awe na kompyuta yake mwenyewe, iliyowashwa na tayari. Asipokuwa nayo, nafasi hiyo ingepewa mwingine, na yeye angerudi kwenye ile barabara.

"Mama amesema tukinunua ya mezani iliyotumika, yeye ataitumia kwa kazi mchana, na mimi nitacheza gemu na binamu zangu Jumamosi," Delia aliniambia. "Lakini Babu, ndani ya kasha la kompyuta kuna nini hasa?"

"Kuna feni, kuna bodi, na kuna mambo," nikamjibu. "Mimi nimeunganisha kompyuta nyingi kuliko ngano niliyopakia melini."

Jumamosi tulikwenda wote watatu kwa Bohdan Petryk, ambaye hununua kompyuta zilizochoka za maofisini na kuzifufua katika chumba cha chini ya nyumba yake. Alituonyesha moja iliyotoka benki. Aliiwasha, ikafungua ukurasa wa kazi kufumba na kufumbua. Akaweka gemu la magari, nayo magari yakateleza kwenye skrini kama mafuta.

"Benki hawachezi gemu," Delia alisema. "Imewezaje?"

Petryk akatabasamu. Nadhani ni wachache wanaomuuliza hivyo. "Nimeiongezea kadi ya picha. Bodi kuu ya ndani inajua kuchora picha za skrini yenyewe, ila inachora kama mimi. Hii kadi inachora kama msanii. Na ukishaiweka, bodi inamwachia yeye kazi yote." Kisha akamgeukia Rosanna. "Mama Delia, jambo moja tu. Kwenye buti la gari itapoa sana. Mkifika, iwekeni mezani mpaka kesho. Msiiwashe leo. Ikiharibika yenyewe nitawabadilishia, lakini mkiiwasha ikiwa baridi, hapo sina la kusaidia."

Njiani Rosanna alipita dukani, kisha kwa fundi wa matairi, na kompyuta ikawa kwenye buti wakati wote huo. Tulipoipandisha juu, bati lake liliuma vidole. Tukaiweka mezani. Waya wa umeme ukachomekwa, waya wa kibodi ukachomekwa, waya wa skrini ukachomekwa nyuma mahali pake, na kila kitu kikakaa vizuri kama meza ya harusi.

"Msiiguse," Rosanna akasema, akachukua kapu la nguo akashuka chini kufua.

Delia akaizunguka. Akaipitishia kidole ubavuni, kidole kikaacha mstari. Bati lilikuwa limelowa.

"Babu, haya maji yametoka wapi?"

"Inatoa jasho. Imechoka na safari."

Akavua miwani, akaitazama. "Hapana. Ni kama miwani yangu nikiingia ndani. Hewa ya hapa ina mvuke, ikigusa kitu cha baridi inakuwa maji." Akainama. "Kwa hiyo hata ndani kuna umande. Na umeme na maji..."

"Mtoto mwenye akili," nikasema. Hapo ningenyamaza ningekuwa mtu wa maana. Lakini niliongeza, "Sisi zamani tuliwasha mashine zenye barafu juu yake, na samaki ndani. Kubonyeza mara moja tu uone taa, kuna ubaya gani?"

Akasimama pale akikitazama kitufe cha kuwashia, kisha akakibonyeza.

Feni zikavuma. Taa ya bluu ikawaka. Skrini nayo ikawaka kidogo, ikaandika maneno mawili, "Hakuna ishara", halafu ikawa nyeusi ti. Delia akaizima haraka.

"Nimeiua," akasema.

"Kesho itakuwa imekauka," nikamwambia. "Na mama hana haja ya kusikia kila kitu."

Jumapili baada ya chai, Rosanna alivaa sweta lake jipya kana kwamba kompyuta ni mgeni, akaiwasha. Feni, taa ya bluu, "Hakuna ishara", giza. Akajaribu tena, na tena. Akaketi.

"Kesho asubuhi," akasema, si kwetu hasa. Akampigia Petryk na kuweka simu mezani ili sote tusikie.

"Pole sana," sauti ya Petryk ikasema. "Ifungeni, mniletee sasa hivi, nitaipima huku. Ila niambie, Mama Delia, mliiacha ipate joto kwanza?"

"Ndiyo, usiku kucha. Hakuna aliyeigusa."

Nilimwona Delia akimtazama mama yake. Nikamkanyaga kidogo chini ya meza na kumkonyeza, maana yake, nyamaza, tutabadilishiwa. Akausogeza mguu wake.

"Mama, si kweli," akasema. "Niliiwasha jana ulipokuwa unafua. Ilikuwa bado imelowa."

Rosanna akamtazama mwanawe, na sikuona hasira usoni mwake, niliona uchovu tu, ambao kwa mtoto ni mbaya zaidi. Petryk kule akashusha pumzi.

"Basi msiilete," akasema. "Kama ina maji ndani, mkiipitisha tena kwenye baridi hii mtaimaliza. Nakuja mimi."

Alikuja na mkoba wa bisibisi na tochi, theluji ikiwa imemjaa hadi kwenye nyusi. Hakumgombeza Delia. Alifungua ubavu wa kasha, akampa tochi.

"Wewe ndiye uliyeona maji. Haya, yatafute."

Delia akaingiza kichwa karibu na kasha. Akaanza kuuliza hiki nini, kile nini, na Petryk akawa anamjibu. Hii feni kubwa inapoza nini? Inapoza ubongo wa mashine, usipopozwa unajizima wenyewe. Hizi kadi nyembamba mbili? Ni kumbukumbu, kama meza ya kufanyia kazi, ikiwa ndogo vitu vinaanguka. Na hili pande zito lenye feni zake? Huyo ndiye msanii wetu, ile kadi ya picha. Akamulika kila kona. Palikuwa pakavu, na vumbi la benki bado lilikuwa kwenye pembe moja.

"Hakuna maji," akasema taratibu. "Kwa hiyo sikuiua?"

"Hukuiua. Ulibahatika. Sasa niambie kila ulichokiona ulipobonyeza. Usiruke kitu."

"Feni zilizunguka. Taa ikawaka. Skrini ikaandika 'Hakuna ishara'."

"Ehe. Mashine ni nzima, skrini ni nzima. Ila hazisikilizani. Kwa nini?"

Mimi nilikuwa nimeanza kuitazama theluji nje ya dirisha. Ilikuwa theluji nzuri sana.

Delia alikamata waya kwenye skrini, akaufuata kwa kidole, polepole, nyuma ya meza, hadi kwenye mgongo wa kasha. Akasimama. Akarudi kutazama ndani, kisha nyuma tena.

"Msanii yuko huku chini," akasema. "Na ana matundu yake mwenyewe nje, haya hapa. Lakini waya umeingia huku juu, kwenye bodi. Yule aliyemwachia msanii kazi yote." Akageuka. "Tunamsikiliza asiyesema."

"Chomoa, uchomeke chini," Petryk akasema.

Akachomoa, akachomeka, akabonyeza. Skrini ikajaa rangi. Rosanna akaweka kiganja mdomoni. Kisha akavuta kiti, akafungua ukurasa wa kliniki, akaandika sentensi moja ndefu, haraka, kama mtu anayepima viatu vipya kwa kukimbia.

"Sasa sikiliza, Delia," Petryk akasema akifunga ubavu wa kasha. "Ungenyamaza, mama yako angeniletea hii kompyuta. Hata kama ingeishinda baridi ya njiani, mimi ningeichomeka kwenye skrini yangu, ikawaka vizuri, nikawarudishia. Hapa ingekuwa nyeusi tena, maana waya ungeingia mahali palepale. Tungezunguka hivyo mpaka Jumatatu ipite. Fundi hatengenezi kwa bisibisi kwanza. Anatengeneza kwa kile anachoambiwa." Akafunga parafujo ya mwisho. "Lakini nina swali. Nani aliuchomeka ule waya?"

Niliona heri nisaidie.

"Paka," nikasema.

"Hatuna paka," Delia akasema.

"Wa jirani. Anapenda sana mambo ya umeme. Niliwahi kumkuta—"

"Babu Reino. Ulisema, 'Pisha mtaalamu.' Ukauchomeka. Ukapiga makofi."

"Tena ulinikanyaga mguu nisiseme ukweli," Delia akaongeza. "Na hilo nalo alifanya paka?"

Petryk alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Rosanna akageuza kiti chake, akatutazama mmoja mmoja, akaanza na mwanawe.

"Delia, uliiwasha wakati nimekukataza, na kwa hilo Jumamosi inayokuja hakuna gemu. Jumamosi ya pili utacheza. Lakini uliposema ukweli ulijua utaumia, ukasema hivyo hivyo, na leo kazi yangu imepona kwa sababu hiyo. Kosa ukilitaja mapema linakuwa dogo, ukilificha linazaa." Kisha akanigeukia mimi, na nikatamani kile kivuli changu kiwe badala yangu. "Na wewe, Babu. Hadithi zako tunazipenda, zinatuchekesha. Lakini kuna ya kuchekesha na kuna ya kumfundisha mtoto kuficha, na mtu mzima anapaswa kujua mpaka uko wapi. Bwana Petryk ameacha theluji mlangoni kwake akaja kutusaidia. Beleshi liko chini ya ngazi."

Basi nikaenda. Tulipofika kwa Petryk, gari la kusukuma theluji lilikuwa limepita na kuiziba njia yake yote kwa ukuta wa theluji ngumu, kama lilivyo na tabia ya kufanya kwa mtu aliye na haraka. Petryk aliingia ndani kunywa kahawa. Mimi nilichimba. Jua lilishuka, nami nilikuwa bado nachimba. Nawaapia, theluji ile ilinifika shingoni, na mara moja nilipotea ndani yake nikakutana na mleta barua wa mwaka juzi.

Delia amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma ninavyoandika.

Haya. Ilinifika magotini.

Chini kidogo ya magoti. Na anasema kesho asubuhi itaanguka theluji nyingine, na kwamba kama adhabu ya uongo wa yule mleta barua, nitakwenda kuichimba hiyo pia.