Mwoga wa Kahindo

Tairi la lori lilipasuka mchana kweupe kando ya soko la Bunia, na mlio haujaisha Baudouin alikwisha kulala kifudifudi juu ya vikwembe vya mtu, vitenge vilivyopangwa chini vya kuuza.

"Papa, unanunua ao unalala tu?"

Aliinua uso. Mwenye vikwembe alikuwa Kahindo, mwanamke wa Butembo, blauzi ya manjano, kilemba kimeinama upande, akicheka hadi machozi. Watu wote walikuwa wametawanyika. Kahindo hakuwa amesogea hata hatua.

"Weye hauogopi?"

"Niogope mupira ya lori?"

Kwa aibu Baudouin akanunua kikwembe. Juma lililofuata akanunua kingine. Cha tatu hata rangi hakuitazama.

Wakapendana, lakini tabia ni ngozi, haivuliwi. Mama yake Baudouin alisema mwanawe alizaliwa hivyo: hata kabla hawajakimbia vita kutoka Djugu, alikuwa akisikia mvua ambayo bado haijanyesha. Katika mkahawa aliketi akiutazama mlango. Usingizi wake ulikuwa wa kuku. Alimpigia Kahindo simu mara kumi kwa siku.

"Uko wapi, cheri?"

"Niko muzima! Utaniua na hii simu yako."

Kisha dada mdogo wa Kahindo akataka kuolewa Nyankunde. Baudouin alikuwa amesikia minong'ono kwamba ile barabara ina waasi. Alimsihi asiende, Kahindo akacheka. Basi asubuhi ya safari akaificha kadi ya uchaguzi ya Kahindo, maana bila kadi hakuna anayepita kizuizi cha askari. Kahindo aliitafuta mpaka gari likaondoka.

Gari lilifika salama. Watu wakacheza harusini, wakarudi wakisimulia. Baudouin akashindwa kuvumilia, akaungama.

Kahindo hakucheka. "Ulikuwa unanichunga miye, ao ulikuwa unachunga roho yako?"

Mwezi mzima wakakaa bila kusemezana, Baudouin akakonda. Mwishowe akaenda kusimama mbele ya vikwembe.

"Twende Nyankunde. Nitaomba dada yako musamaha mwenyewe."

"Weye? Kwa ile njia?"

"Miye. Na sitasema neno."

Walipovuka kizuizi cha pili, dereva alizima muziki. Baudouin aliona mashamba yaliyolimwa nusu, majembe yakiwa bado ardhini. Aliona duka limefungwa na nguo zimeachwa kambani. Lakini alikuwa ameahidi, akauma ulimi.

Kahindo ndiye aliyemshika mkono.

"Cheri, watoto wako wapi? Saa hii wanatokaka masomo."

"Na weye umeona?"

"Nimeona."

Akampigia dada yake. Sauti ikaja chini kabisa: "Siye tuko bazima. Lakini musikuje. Mugeuke sasa hivi."

Dereva hakungoja kuambiwa mara mbili. Gari liligeuka pale pale, magurudumu yakitafuna majani ya kando ya barabara.

Kizuizi kikaonekana tena. Ndipo Kahindo akauliza, macho yakiwa mbele: "Ukinioa, utaniacha nicheke?"

"Cheka. Na weye utaniacha niogope?"

"Ogopa. Lakini uniambie. Usinifiche tena kitu."

"Basi nakuoa."

Nyuma yao moshi ulikuwa ukipanda juu ya kilima. Pengine ni mtu aliyekuwa akichoma mkaa. Kahindo alilaza kichwa begani pa Baudouin, na wote wawili wakautazama mpaka barabara ikapinda.