Kabati Lisilo na Rafu

Sikilizeni, ndugu zangu, na mwenye kabati kubwa asikilize mara mbili.

Asubuhi ile nyumba ya seremala ilikuwa tulivu. Mama yake mzazi, mgonjwa wa pumu, alisinzia kwenye kochi. Mkewe alikuwa akipiga pasi. Mara wageni wakabisha hodi, na seremala akafanya kama kawaida yake: akakumbatia kila kilichokuwa mezani na sakafuni, akakisukumia kabatini, akafunga mlango kwa goti.

Kabati lenyewe lilifika darini, limepigwa vanishi mpaka unajiona. Ndani halikuwa na rafu hata moja. Wateja aliwatengenezea droo za kila ukubwa, kwake akajenga mlango wa kufichia uchafu. Mganga hajigangi. Miaka sita mkewe aliomba rafu, na kila mara alijibiwa, "Nani ataona ndani?" Jibu hilo lilimtia kinyaa kuliko mende.

Wageni walipoondoka, mama yake seremala akaanza kukohoa, kisha kifua kikambana.

"Dawa yangu ya kuvuta," akasema kwa shida. "Ilikuwa hapo mezani."

Mke akafungua kabati. Likammwagikia: viatu, nepi chafu, sufuria yenye ukoko uliofanya ukungu, magazeti yaliyolowa mkojo wa panya. Akatapika palepale, akaendelea kuchakura. Midomo ya mama mkwe ilikuwa inabadilika rangi.

"Baba watoto, umeiweka wapi?"

"Humo humo."

Humo humo! Jibu gani hilo, jamani?

Aliipata chini kabisa, ilikoteleza, ubavuni mwa panya aliyeoza. Hakukuwa na muda wa kuiosha. Akaipangusa kwa gauni lake, na mama wa watu akaitia mdomoni hivyo hivyo.

Pumzi ziliporudi, akamtazama mwanawe.

"Nyumba za watu unazijengea pa kuweka vitu," akasema. "Mimi mama yako umeniweka wapi?"

Jioni hiyo hiyo seremala alikuwa akikata mbao za rafu, na mkewe hakumpongeza.

FUNZO

Usafi wa kuwaridhisha wageni ni uchafu uliofungiwa mlango. Kila kitu nyumbani kiwe na mahali pake, na dawa ya mgonjwa iwe na rafu inayojulikana na wote. Na wewe unayemcheka seremala, nenda kafungue kabati lako kwanza.