Maji ya Kijani Katika Kikombe cha Kunywea

"Mama Cyrille, mutoto alikunywa kwa nani?"

Swali hilo liliulizwa na Philomène, jirani wa mkono wa kushoto, siku ya Alhamisi, mwezi wa nane, mwaka wa 1961. Alikuwa amesimama na wanawake wengine wa barabara katika ua wa Rosalie, mtaa wa Kikula, mji wa Likasi, ambao karatasi za serikali ziliuita Jadotville. Rosalie alikuwa ametoka dispensari sasa hivi. Mgongoni alimbeba Martine, binti yake wa miaka minne. Midomo ya mtoto ilikuwa mikavu na macho yake yamezama.

Siku ilikuwa imeanza kama siku zote. Ulikuwa wakati wa kipwa, usio na mvua, wa baridi na vumbi, na shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo kubwa. Casimir, mume wa Rosalie, alikwenda kiwandani jua halijatoka. Rosalie aliwasha makaa kwenye mbabula, akachambua mboga za lenga-lenga. Cyrille, mwanawe wa miaka kumi, alicheza nyuma ya nyumba. Martine alipita kwa Gertrude, jirani wa mkono wa kuume, akapewa maji ya limau yenye sukari, kama alivyozoea.

Saa sita mtoto alianza kutapika. Alitapika maji ya kijani. Rosalie alimnywesha mafuta ya mawese, kwa sababu mama yake mzazi alifanya hivyo zamani. Mtoto akatapika zaidi. Ndipo akamkimbiza dispensari.

"Nauliza, alikunywa kwa nani?" Philomène alirudia.

Rosalie alikuwa amechoka. "Kwa Gertrude," alisema. "Limonade."

"Gertrude wa Kasai!" Philomène alipiga makofi. "Na matapiko ya kijani! Minye nilisema umuogope, na weye ukacheka, ukasema Philomène iko na mudomo murefu."

Rosalie angeweza kujibu kwamba Gertrude ndiye aliyempokea Martine mikononi siku aliyozaliwa. Badala yake aligeuka. Aliingia ndani, akamlaza mtoto.

Wakati huo jimbo lao la Katanga lilikuwa limejitenga na Congo. Watu wa Kasai, jimbo jirani, walitazamwa kama maadui, hata wale waliozaliwa papa hapa. Katika barabara hiyo nyumba mbili za watu wa Kasai zilikuwa zimekwisha kubaki tupu. Neno moja lilitosha kuwafukuza.

Kabla jua halijazama, vijana wa mtaa walisimama mbele ya mlango wa Gertrude. Jiwe likavunja dirisha. Mkubwa wao, Théodore, alipaza sauti: "Jumapili ikifika tusibakute hapa! Weye, bwana yako, na batoto bote!"

Rosalie alisikia yote akiwa ndani. Alipiga magoti ili asali. Kila alipofika kwenye maneno "utusamehe makosa yetu," alirudia sala tangu mwanzo.

Kesho yake alikuja Evariste, mwalimu wa Cyrille, kumwona mgonjwa. Alivua kofia mlangoni.

"Jambo, Mama Cyrille. Mutoto iko namna gani?"

"Amekunywa mayi kidogo leo. Mwalimu, jirani alimupa sumu."

"Ulimuona?"

"Banasema."

Evariste aligeukia uani. Alikuwa anatazama gauni dogo la Martine kwenye kamba. Lilikuwa limefuliwa, lakini doa lilibaki kifuani, la kijani linaloelekea bluu. Aliligusa.

"Hii rangi ninaijua," alisema. "Nani hapa iko na mawe ya kijani?"

Cyrille, aliyekuwa amekaa kando ya mlango, aliinuka polepole aondoke.

"Kaa, Cyrille," Mwalimu alisema.

Mvulana alisimama ukutani, akaanza kulia. "Minye nilitaka kuona tu. Kama vile ulituonyesha ku masomo."

Aliingia chini ya kitanda, akatoka na kikombe cha bati cha kunywea. Ndani yake mlikuwa na maji kidogo ya kijani, mbegu za limau, vipande vya mawe aliyookota kwenye njia ya migodi ya Kambove, na msumari. Msumari ulikuwa mwekundu.

"Martine alifikiri ni limonade," Cyrille alisema. "Akakunywa. Nikaficha kikombe. Nilijua Papa atanipiga."

"Na jana, walipovunja dirisha la Mama Gertrude?" Rosalie aliuliza.

"Nilisikia."

Rosalie alikaa chini sakafuni.

"Mama, kosa la kwanza ni la kwangu," Evariste alisema. "Niliwaonyesha watoto kazi hii siku moja kabla ya likizo. Niliwafundisha kufanya, sikuwafundisha kujilinda. Sikiliza. Yale mawe ya kijani yana shaba ndani. Limau ni kali, linalila jiwe, shaba inaingia katika maji. Ukitia msumari wa chuma, shaba inatoka katika maji na kushika msumari. Njo maana ni mwekundu."

"Basi si sumu?"

"Ni sumu, Mama. Shaba katika tumbo ni sumu. Lakini hakuna muntu aliyemutegea mutoto."

"Nilimupa mafuta ya mawese."

"Siku ingine usimupe. Usimutapishe kwa nguvu, maana koo litaungua mara ya pili. Umusukutulishe kinywa, umupe mayi safi kidogo kidogo, na umupeleke dispensari mbio. Na ubebe kile alichokunywa, infirmier wa dispensari akione."

"Nilienda mikono mitupu," Rosalie alisema. "Sasa nifanye nini?"

"Ulisema mbele ya batu," Evariste alijibu. "Useme tena mbele ya batu."

Casimir aliporudi kutoka kazini, aliambiwa yote. Alifungua mkanda wake, akamtazama mwanawe, kisha akaufunga tena. "Aliogopa mukanda huu kuliko kuona dada yake anakufa," alisema. Hakula ugali wa bukari jioni ile.

Jumamosi watu walijaa uani. Philomène alikuja wa kwanza. Théodore alikuja na vijana wake. Gertrude alisimama mlangoni kwake, upande wa pili wa ua, mikono kifuani.

Cyrille aliketi mezani. Mbele yake palikuwa na kopo tupu la samaki, lililochorwa msalaba wa makaa, alama kwamba si la kunywea. Evariste alisaga jiwe, akalitia humo. Cyrille akakamua malimau mawili, akaongeza chumvi kidogo. Povu dogo likapanda.

"Ni dawa ya bazungu," Théodore alisema.

"Ni malimau ya Mama Philomène," Evariste alijibu. "Nimenunua kwake asubuhi."

Watu wakacheka. Philomène alitazama pembeni.

Cyrille alisugua msumari kwa mchanga mpaka ukang'aa, akautia katika maji. Walingoja karibu nusu saa. Alipoutoa kwa uzi, ulikuwa mwekundu kama kilemba cha jogoo. Ukapitishwa mkono kwa mkono.

Rosalie akasimama.

"Haya njo mayi mutoto wangu alikunywa," alisema. "Alikunywa hapa, katika nyumba yangu, kikombe changu. Gertrude alimupa limonade nzuri. Minye nilimutaja bure, nikaacha batu baseme ni sumu."

"Minye niliuliza tu," Philomène alisema kwa sauti ndogo.

"Na minye nilijibu," Rosalie alisema.

Théodore aligeuza msumari mara mbili, akauweka mezani. "Basi. Ile nyumba muiache," aliwaambia vijana wake. Kuhusu dirisha lililovunjwa hakusema lolote. Jumapili ilipita, na hakuna aliyegusa mlango wa Gertrude.

Tangu juma hilo, Evariste alikuja kila Jumanne na Ijumaa. Watoto wa barabara walifanya kazi zao kwenye baraza ya Rosalie. Waliotesha maharagwe katika pamba yenye maji, ndani ya chupa, waone mizizi. Walikata karatasi, wakatengeneza vipepeo vinavyozungushwa na upepo. Walifinyanga ng'ombe wa udongo. Rosalie alikaa nao na kushona. Makopo yote ya kazi yalichorwa msalaba, na hayakuingia jikoni. Hakuna aliyeonja kitu. Kazi ikiisha, maji yalimwagwa shimoni, mbali na bustani na kisima, na kila mtoto alinawa mikono kwa sabuni. Mtoto akiharibu kitu, alisema bila kuogopa. Martine alinenepa tena, akaanza kuimba.

Lakini Gertrude hakuleta watoto wake.

Juma la mwisho la likizo, Rosalie alimtuma Cyrille kumwita. Gertrude alikuja. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Mama Gertrude, nilikukosea," Rosalie alisema. "Nilijua weye ni nani, na nikakutoa kwa bale batu. Naomba unisamehe."

Gertrude alitazama chupa za maharagwe dirishani. Mizizi yake myeupe ilikuwa imefika chini.

"Kama Mwalimu hangekuya," aliuliza, "ungesema?"

Rosalie alifungua kinywa. Alitaka kusema ndiyo. Alitafuta ndiyo hiyo moyoni mwake, akatafuta tena.

"Sijue," alisema.

Gertrude alikaza kitenge chake kiunoni, akavuta mlango, akatoka.