Mtindi wa Vitunguu Mezani kwa Kamugisha

Asubuhi hiyo Kokuberwa alifagia uwanja mara mbili, na hapakuwa na mtu aliyeuchafua katikati. Ndivyo alivyokuwa siku hizo. Akikaa, anasimama. Akisimama, anasahau alichosimamia. Akishika chungu, anakiacha jikoni na kwenda kuchungulia kama mumewe ameamka.

Walikaa Temeke, katika nyumba ndogo ya bati. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza angali anatawala. Mumewe, Kamugisha, alikuwa karani wa ghala bandarini. Wote wawili walitoka Bukoba. Na mtu wa Bukoba akikuambia amekula, ana maana amekula ndizi za kupika. Wali kwake ni mapambo. Ugali ni wa siku za shida.

Kilichomnyima Kokuberwa utulivu kilikuwa mguu wa mumewe. Kiatu kilimchubua chini ya kidole gumba, pakawa kidonda. Kidonda cha namna ile mtoto hukisahau kabla hajamaliza kulia. Cha Kamugisha kilikataa kufunga. Hospitalini walipima mkojo wake, wakaukuta una sukari. Wakamwambia ana ugonjwa wa sukari, na kwamba asipojitunza, mguu unaweza kuoza hata ukakatwa.

Tangu siku hiyo sukari ilifukuzwa nyumbani kama mwizi. Kopo lake walipewa majirani. Avelina, binti yao, alikatazwa hata kuingia ndani na muwa. Chai ilinywewa chungu, na Kamugisha alikunja uso kila akimeza. Kisha ukifika wakati wa chakula, aliketi, akapakuliwa mlima wa ndizi, akaumaliza, akaongezwa.

"Sukari nimeacha," alikuwa akisema. "Sasa mguu huu unataka nini tena?"

Kokuberwa hakujua mguu ulitaka nini. Alijua tu kwamba kitambaa cha kufungia kidonda kilianza kunuka, na aliogopa.

Juu ya hofu hiyo ikaja shughuli. Jumapili, Avelina angepokea komunio ya kwanza. Watu wa Bukoba waliokuwa mjini wangekuja kula. Tena kaka mkubwa wa Kamugisha, Projestus, alikuwa njiani kutoka Bukoba, kwa meli hadi Mwanza, kisha kwa treni. Kwao ilikuwa desturi kwamba mwenyeji huonja kwanza mbele ya wageni. Ndipo wageni wanajua chakula ni salama, nao wananyoosha mikono. Mwenyeji asiyeonja amewatukana wote.

Kamugisha alikwisha amua. Angeonja ndizi mbele ya kaka yake, tena angekula za kutosha. Na habari za mguu zisingetajwa.

Kokuberwa alimwuliza kwa nini amfiche ndugu yake wa damu.

"Baba alikufa kwa mguu," alijibu Kamugisha. "Kaka akasema mzee Leonardi, jirani yetu, alimtilia kitu katika pombe ya ndizi. Mpaka leo nyumba zile mbili hazinywi pamoja. Nikisema nami nina mguu, ataanza upya. Sitaki."

Basi ikawa hivyo, mwanamume anaficha kidonda ndani ya soksi, na mkewe anafagia uwanja uliokwisha fagiliwa.

Jirani yao wa mlango wa pili alikuwa Rosalia, mwenyeji wa Masasi, muuguzi hospitalini. Alizoea kuja jioni kumfunga Kamugisha kidonda. Siku moja alikuwa na mapumziko, akaja mchana. Alimkuta Kamugisha na sinia lake. Akaliangalia sinia, akauangalia mguu, akaketi bila kukaribishwa.

Rosalia hakuwa mtu wa hotuba. Alikwenda kwake, akarudi na kipande cha ugali uliolala. Akampa Kokuberwa nusu na Kamugisha nusu, akawaambia watafune polepole, wasimeze. Walitafuna wakitazamana kama watoto walioadhibiwa. Baada ya muda Kokuberwa aliinua macho.

"Mbona unakuwa mtamu?" aliuliza.

"Sukari haukutiwa," alisema Rosalia. "Huo ni wanga. Ukifika mwilini unageuka sukari, na umeanza kugeuka hapo hapo mdomoni. Ugali ni hivyo, wali ni hivyo, muhogo ni hivyo. Na hizi ndizi zenu ni hivyo hivyo. Mmefukuza sukari mlangoni, inaingia dirishani."

Kamugisha alimeza ugali wake. Alisema hayo ni mambo ya hospitali, yeye amelelewa na ndizi na ndizi hazijamkosea. Akachukua kofia, akarudi kazini akichechemea.

Kokuberwa aliposhika tama, Rosalia alimweleza zaidi. Dalili za ugonjwa huo ni kiu isiyokwisha, kwenda haja ndogo kila mara, na kukonda bila sababu. Mara nyingi huandama ukoo mmoja. Wanga haukatazwi kabisa, hupimwa. Ndizi kidogo, si mlima, na sahani ijazwe mboga, samaki, mayai, au nyama.

"Nimekuelewa," alisema Kokuberwa. "Lakini Jumapili ataonja nini? Nikimwekea majani mbele ya wageni, shemeji yangu atasema namtesa ndugu yake."

Rosalia alifikiri kidogo. Akauliza kama wageni wa Bukoba wanapenda kuchovya.

"Nani asiyependa kuchovya?"

"Basi tengeneza mtindi wa vitunguu. Sie wauguzi tukiwa na karamu yetu, bakuli hilo ndilo la kwanza kwisha. Hauna unga wala sukari. Ataonja mbele za watu, na hakuna atakayemwonea huruma."

Kokuberwa alikuwa na wasiwasi, na mwenye wasiwasi hupika kwa moto mkali. Siku ile ile alikata vitunguu vinene, akavitupa katika samli iliyokuwa ikitoa moshi. Vikaungua nje, ndani vibichi. Akavimimina vya moto katika mtindi. Mtindi ukakatika, maji huku, madonge kule. Alionja, akatema. Akachota unga wa ngano ili aufanye mzito, na hapo ndipo Rosalia alipomshika mkono.

"Unga huo ndio tunaoukimbia," alimwambia. "Tuanze upya, na safari hii uketi."

Walinunua mtindi kwa mama wanayemwamini, ambaye huchemsha maziwa kabla ya kuyagandisha. Walichemsha kitambaa cheupe, wakaufunga mtindi ndani yake, wakauning'iniza juu ya bakuli ili maji yachuruzike. Asubuhi ulikuwa mzito, unakaa kwenye kijiko bila kuanguka. Huo ndio uzito, alisema Rosalia, hauhitaji unga.

Vitunguu vilikatwa vyembamba. Makaa yalipunguzwa mpaka Kokuberwa akasema moto umekufa. Samli kidogo, chumvi kidogo, kisha kugeuza, na kugeuza tena. Kokuberwa aliinuka mara kadhaa kwenda kuongeza makaa, na kila mara Rosalia alimkalisha. Haraka haraka haina baraka, na kitunguu kinaijua methali hiyo kuliko watu. Polepole vikalainika, vikanywea, vikapata rangi ya chai ya rangi. Harufu yake ilimtoa Avelina mchezoni.

Wakaviacha vipoe kabisa. Ndipo wakavichanganya na mtindi, wakakamulia ndimu, wakanyunyizia pilipili manga. Kokuberwa alichovya kipande cha tango. Akachovya kingine.

"Ni utamu wa vitunguu tu huu?" aliuliza.

"Wa vitunguu, na wa subira," alisema Rosalia. Kokuberwa alicheka kwa mara ya kwanza tangu kidonda kile kitokee.

Projestus aliwasili Ijumaa. Alikuwa mrefu, mkali wa heshima, na amekonda kuliko alivyokumbukwa. Avelina alimpigia magoti, akamwamkia shikamoo. Kokuberwa alijaza mtungi asubuhi, na adhuhuri ulikuwa mtupu. Shemeji alikunywa, akatoka uani, akarudi, akaomba tena. Kokuberwa alidhani ni joto la Dar. Akili yake yote ilikuwa kwa mumewe, ambaye alikuwa amevaa viatu toka alfajiri ili kaka asione soksi.

Jumapili ikafika. Avelina alirudi kanisani na gauni jeupe, wageni wakajaa sebuleni. Katikati ya meza liliwekwa sinia la ndizi, kwa kuwa wageni wengine walikuwa wazima, na ndizi zilikuwa haki yao. Kando yake nyama choma, samaki wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, matango na karoti zilizokatwa vidole vidole. Na lile bakuli la mtindi wa vitunguu, limefunikwa, limekaa ndani ya beseni la maji baridi.

Padri hakuwepo, kwa hiyo Projestus alisali. Kisha alilisogeza sinia la ndizi mbele ya mdogo wake kwa mikono yake miwili.

"Haya, mwenye nyumba. Tuonjee."

Wote walingoja. Kokuberwa alikuwa amesimama mlangoni na jagi. Aliuona mkono wa mumewe ukinyooka kuelekea ndizi. Aliujua mkono huo. Usingeonja tu, ungekula, na leo ingezaa kesho. Aliona haya kusema mbele ya wanaume wa kwao. Aliogopa zaidi kunyamaza.

"Baba Avelina," alisema. "Mguu wako."

Mkono ulisimama. Kamugisha alimtazama mkewe kwa hasira, na hasira hiyo ikakaa usoni mwake muda mrefu. Kisha ikamtoka, akabaki na uso wa mtu aliyechoka kuficha. Alifunua bakuli. Akachukua tango, akachovya, akala mbele yao wote.

"Karibuni," alisema. "Mie nimeonja hiki. Ndizi ni zenu, kuleni kwa amani. Nina ugonjwa wa sukari, na ndizi nyingi zinauozesha mguu wangu."

"Vua kiatu," alisema Projestus.

Kamugisha alivua. Projestus aliinama, akakitazama kidonda, na alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Wa baba ulianza hapo hapo."

Kokuberwa alifumba macho akingoja jina la mzee Leonardi. Lakini Rosalia, aliyekuwa mgeni miongoni mwa wageni, aliomba radhi kwa kuingilia. Alieleza kwa upole kwamba ugonjwa huu hautiwi na mtu katika pombe. Huandama ukoo. Hospitalini hupika mkojo na dawa ya buluu. Usio na sukari huiacha buluu, wenye sukari nyingi huigeuza nyekundu kama tofali.

Projestus alichukua tango, akachovya, akatafuna polepole. Alikunywa maji, akajaza tena, akanywa. Alipotaka kujaza mara ya tatu, aliiangalia bilauri mkononi mwake kama kitu asichokijua.

"Baba alikuwa na kiu," alisema. "Tulimchotea maji mchana kutwa. Kiu hiyo ni katika ugonjwa?"

"Ndiyo, mzee," alijibu Rosalia.

Projestus aliiweka bilauri mezani. "Mkojo wanapima siku gani?"

Jumatatu ndugu wawili walikaa benchi moja hospitalini. Dawa ya buluu ya mkubwa nayo iligeuka tofali.

Kamugisha hakugeuka malaika. Alinung'unika, alitamani, alipapasa sufuria. Lakini ndizi zake zilipunguzwa, mboga zikaongezwa, kidonda kikasafishwa kila siku, na hospitali hakuikimbia tena. Taratibu harufu ilikoma, nyama mpya ikaota, kidonda kikafunga. Kwenye mikutano ya watu wa Bukoba, Kokuberwa akawa haulizwi alete nini, wote walijua ni mtindi wa vitunguu. Waliokuwa wazima walichovya sawa na wagonjwa, na bakuli lilirudi limekombwa.

Mwaka ule ulipokuwa ukimalizika, alifika Gozbert, kijana wa kijijini kwao, aliyekuja mjini kutafuta kazi. Walimwuliza habari za Projestus. Akasema yu mzima, amenenepa kidogo, na amefanya jambo lililowashangaza watu wote.

Alimwagiza mkewe atengeneze mtindi wa vitunguu kama wa Temeke. Akalibeba bakuli mwenyewe, mchana kweupe, akaenda nalo kwa mzee Leonardi. Hakuwa amekanyaga uwanja ule tangu baba yake azikwe. Alimwambia yule mzee kwamba baba aliuawa na sukari, na kwamba wao nao walimwua yeye, Leonardi, kwa maneno. Akaomba msamaha.

"Mzee Leonardi akafanyaje?" aliuliza Kokuberwa.

"Hakunyoosha mkono," alisema Gozbert. "Basi Projestus akachovya yeye kwanza, akala, akamsogezea bakuli. Yule mzee alilia. Halafu akachovya."

Kamugisha aligeuka kuutazama mguu wake. Kokuberwa alikuwa ameketi. Alikuwa ameketi tangu Gozbert aanze kusimulia, na hakuna kitu kilichomwinua.