Masikio Sita ya Gita la Osiako

"Mama! Njoo uone! Gita limekatwa masikio!"

Huyo ni binti yangu, Pascalia. Nilikwenda polepole.

Gita la umeme la marehemu mwanangu Osiako lilikuwa limelazwa kitandani. Vile vyuma vya kuzungusha ili kukaza nyuzi, yeye aliviita masikio. Vyote sita... havipo! Nyuzi zimelala kando kama nywele zilizonyolewa baada ya matanga.

Wajukuu wangu mnaosoma, hiyo ilikuwa siku ya ukumbusho wake. Mahema yalikuwa yamesimama. Phineas, aliyekuwa naye kwenye bendi pale Khayega, ndiye angelipiga hilo gita.

"Ni Awinja!" Pascalia akafoka. "Ameondoka mapema na begi. Si nilikwambia huyo mjane wa Osiako atauza kila kitu atoroke?"

"Mpigie simu."

"Amezima! Akirudi atakuta nguo zake barabarani!"

Nikakaa. Sikukasirika. Sikulia. Tangu tumzike Osiako sikuwa nimetoa chozi hata moja. Moyo ulikuwa umepoa kama obusuma, ugali wa jana.

Nikaona mezani chupa ya chai aliyoniachia Awinja. Nikamimina, nikaonja. Haina sukari, vile daktari alisema.

Sanduku la Awinja lilikuwa limeshafika langoni.

"Pascalia, rudisha nguo za watu ndani."

"Mama, huyu amekulisha nini?"

"Mtu anayetoroka hakumbuki sukari yangu."

Hakurudisha.

Pasta alikuwa ameshaketi hemani, pikipiki ya boda ilipoingia. Awinja akashuka, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama, nisamehe, simu iliisha chaji! Masikio ya zamani yalikuwa yanateleza, nyuzi zinalegea. Nikanunua mapya... kumbe ni ya gita lenye masikio matatu upande huu, matatu upande ule! Gita la Osiako, yote hukaa upande mmoja. Ikabidi niyafungue ya zamani, niyapeleke dukani Kisumu tulinganishe, wanibadilishie."

Kisha akaliona sanduku lake.

Pascalia akalibeba mwenyewe, akalirudisha ndani.

Phineas akachukua bisibisi, akayafunga. Matano yaling'aa. La sita lilikuwa la zamani, lenye kutu.

"Na hili?" nikauliza.

"Hilo nimeliacha makusudi, Mama," Awinja akasema.

Sikuelewa... mpaka wimbo ulipoanza.

Ubeti wa kwanza ulipoisha, uzi mnene wa lile sikio la zamani ukalegea. Phineas akanyoosha mkono, akaukaza huku anaimba, kichwa kimeinama. Hivyo hivyo mwanangu alivyofanya, kila ubeti, miaka yote!

Ndipo nikalia. Nililia mpaka leso ikalowa, na Awinja amenishika mkono.

Wajukuu wangu, kabla hamjatupa nguo za mtu nje, onjeni kwanza chai aliyowaachia.